Kijani Juu ya Shaba

Baba alikuwa bado amevaa glavu zake nyeupe za pamba alipompiga kaka kofi la kwanza. Kofi la glavu halilii kama kofi la kawaida. Lilitoa mlio mzito, kama godoro linalopigwa litoke vumbi, na mimi niliyekuwa nimekaa sakafuni nikadhani ni mzaha. Kisha kaka akaangukia pembe ya meza, mdomo ukapasuka, na baba alipoinua mkono kwa mara ya pili ncha za vidole vya glavu zilikuwa nyekundu. Mezani, juu ya kitambaa cheusi, sarafu ya senti moja ilikuwa imelala na doa la kijani katikati ya uso wake.

"Nionyeshe mikono," baba alisema.

Kaka akainyoosha. Viganja vilikuwa vimelowa chepechepe, na si kwa hofu tu. Kaka yangu alizaliwa na mikono ya jasho. Akiandika, daftari linajikunja. Akikupa mkono, unajipangusa kwenye nguo kwa siri. Tulikuwa tunamtania kwamba angefaa kumwagilia bustani. Siku ile hakuna aliyecheka. Baba aliishika ile mikono, akaigeuza juu chini, akaitazama kwa muda mrefu, na hata mimi niliyekuwa mtoto nikaona kwamba kesi imekwisha kabla ya kuanza.

Lazima nieleze habari za hizo sarafu, maana bila hivyo utadhani baba yangu alikuwa mlevi, au mtu wa kupiga kwa sababu ya kupenda kupiga. Hakuwa hivyo. Alikuwa karani wa benki, wa dirishani, na wateja walimpachika jina la Bwana Taratibu. Alikuwa na subira kwa kila aliyesimama upande wa pili wa kioo, hata wale waliosahau walichofuata. Nyumbani hakukuwa na kioo.

Aliajiriwa angali kijana mbichi, mwaka ule nchi ilipoachana na fedha za zamani, zile za kugawanya kwa kumi na mbili na kwa ishirini mpaka watoto wa shule wanatoa machozi, ikaingia kwenye hesabu ya kumi na mia. Magunia ya sarafu mpya yalifika benki yamefungwa kwa lakiri, na yeye ndiye aliyetumwa kuyafungua. Alitusimulia mara nyingi jinsi alivyoingiza mkono na kuutoa haraka akidhani ameungua, kumbe ni baridi ya chuma kipya. Mshahara wake wa kwanza aliuomba kwa sarafu hizo. Akachagua moja moja isiyo na mkwaruzo, ya kila aina, za mwaka ule, na baadaye za miaka michache iliyofuata: ndogo za shaba zilizokuwa bado na wekundu wa kiwandani, na zile kubwa nyeupe zenye ukingo wa meno meno. Wenzao waliotoka nao gunia moja walikwenda sokoni wakachakaa. Hizi za baba hazikuwahi kununua hata kiberiti.

Kila Jumapili mchana alizitoa. Sheria zake tulizijua kabla ya kujua kusoma. Sarafu hushikwa ukingoni, kwa kidole gumba na cha shahada, kamwe si usoni. Haisuguliwi, haipuliziwi pumzi, haioshwi kwa ndimu wala kwa majivu, maana anayeing'arisha anaichuna ngozi. Na mbele ya sarafu hakuna kuongea, kwa sababu tone la mate usiloliona leo litakuja kuwa doa jeusi baada ya miaka. Kwa hiyo kila Jumapili nyumba nzima ilinyamaza, hata kuku wa jirani tuliwaona watovu wa adabu. Baba aliinua sarafu kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama mbele na nyuma, akailaza tena polepole kuliko mama alivyowahi kunilaza mimi. Katika nyumba yetu, zilizopata malezi mema ni sarafu. Sisemi kwa utani.

Mwaka ule wa kofi alikuwa amezihamisha. Tangu zamani zilikaa kwenye bahasha ndogo za karatasi, ndani ya kopo la biskuti. Kisha akaona dukani albamu ya jalada jekundu, kurasa zake ni za plastiki laini yenye vijifuko angavu, unaiona sarafu pande zote mbili bila kuigusa. Alikuja nayo nyumbani ameikumbatia. Alituita wote tuiangalie, akamwachia hata mama aifunue. Ilinukia upya, ile harufu ya pazia la bafuni lililotoka dukani leo. Alizihamisha kwa mkono wake mchana kutwa, bahasha za zamani akazichoma nyuma ya nyumba, na jioni alikuwa na furaha mpaka akampa kaka chupa nzima ya soda anywe peke yake.

Ndiyo maana doa lilipotokea hakuweza kulielewa. Alikuwa amezifanyia kila kilicho bora. Chumvi hula shaba, alisema. Jasho ni chumvi. Na ndani ya nyumba hii mwenye jasho anajulikana. Hesabu yake ilifunga vizuri, kama hesabu zake zote za benki.

Kaka alikana. Alikana akiwa amevimba mdomo, na alikana tena mama alipomwita jikoni akambembeleza aseme tu yaishe. Angeweza kukiri, kuomba radhi na kula viboko vyake kama watoto wote. Hakutaka. Alitaka baba amwamini, hilo tu, na alikuwa tayari kuumia kwa ajili yake. Aliniambia tukiwa tunaosha vyombo kwamba mzee ana hasira lakini si mjinga, akitulia ataona. Alikuwa kidato cha pili, ndevu zinaanza kumtoka kidevuni moja moja, na bado alikuwa anamtafutia baba yake udhuru.

Baba akaweka kufuli kabatini, ufunguo akauvaa shingoni. Nikadhani yamekwisha. Lakini haikupita muda ikageuka kijani ya senti tano, kijani kinachonata kama jamu, kisha ya senti kumi. Kufuli lilikuwa zima. Mtu mwingine angejiuliza maswali. Baba alimpekua kaka mifuko, godoro na soli za viatu akitafuta ufunguo wa kuchongesha, na alipoukosa akasema huyu kumbe ni hodari kuliko nilivyodhani. Safari hii alivua mkanda. Alimpiga kwa upande wa chuma, kwenye mbavu na mgongoni, na kila baada ya pigo aliuliza swali lile lile kwa sauti ya chini, sauti yake ya dirishani.

"Kwa nini? Mimi nimekukosea nini?"

Hilo ndilo lililonitisha kuliko mkanda. Alikuwa anauliza kweli. Alitaka kujua mtoto wake ana kinyongo gani naye, na kila jibu lililokuja lilikuwa damu kidogo na "sijazigusa, baba." Shuleni kaka alisema ameanguka na baiskeli. Hatukuwa na baiskeli.

Jumapili ya mwisho ilikuwa zamu ya ile kubwa nyeupe, aliyoipenda kupita zote, iliyokuwa ya kwanza kutoka kwenye gunia la kwanza. Baba aliiangalia dirishani. Akailaza juu ya kitambaa, ameishika ukingoni, bila haraka. Akavua glavu, moja kisha nyingine, akazikunja. Kisha akamgeukia mama.

Alikuwa amefikiria, alisema. Ufunguo unalala shingoni mwangu, na anayelala karibu na shingo yangu ni mmoja. Mama akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiyeamini anachosikia, na kabla hajamaliza baba alikuwa amemshika koo na kumbana ukutani. Picha ya harusi yao ikaanguka, kioo kikatapakaa. Mimi nilikuwa nimejibana chini ya meza. Nilichokiona ni kandambili ya mama iliyomtoka, na kidole gumba cha mguu wake kinatafuta sakafu, hakiipati.

"Ni mimi," kaka akasema.

Baba hakuachia. "Sema tena."

"Nilizishika mimi. Zote. Nilifungua kwa waya. Mama hajui lolote."

Baba akafungua mkono, mama akateleza chini akikohoa. Nilimwona baba usoni alipopita mbele ya meza, na naapa alikuwa na uso wa mtu aliyetua mzigo. Alimshika kaka kifundo cha mkono wa kulia. Akampeleka kabatini kama mtu anayemvusha mtoto barabara. Akavuta droo ya juu, akaviweka vidole vya kaka ukingoni, akaisukuma droo kwa goti kwa nguvu zake zote. Akaivuta. Akaisukuma tena.

Mara ya kwanza kaka hakupiga kelele, nadhani kwa mshangao. Ya pili alitoa sauti ambayo sikujua kama mtu anayo. Mama aliinuka pale chini bila kandambili, akapita juu ya vioo, akamrukia baba mgongoni na kumng'ata sikio, na hakuliachia mpaka kipande kikabaki mdomoni mwake. Wakaanguka wote watatu, kabati likayumba, droo ikatoka nzima nzima na kumwangukia baba kifuani. Palikuwa na damu ukutani, kwenye pazia, kwenye nywele zangu. Sarafu mezani hazikupata hata tone.

Hospitalini vidole viliungwa, vikaungika vibaya. Siku alipotolewa bandeji kaka alitia nguo zake kwenye mfuko wa shule akaenda kwa mjomba, mji mwingine, na baadaye akaingia gereji kujifunza kunyoosha bodi za magari. Alijizoeza nyundo kwa mkono wa kushoto. Nyumbani hakurudi. Mama aliendelea kuishi na baba, kupika na kufua, lakini tangu siku ile mpaka alipofariki hakumwita kwa jina lolote. Akiwa na neno naye aliliambia sufuria. Baba alirudi dirishani na sikio lake lenye pengo. Wateja walipomuuliza, alisema mbwa.

Na mimi nilimwamini kaka. Alisema ni yeye, nikaamini ni yeye. Nililia alipoondoka, na wakati huo huo nilimkasirikia, hasira ya miaka, kwa sababu angeweza kuziacha tu zile sarafu za watu na sote tungekuwa na nyumba.

Baba alipopata kiharusi mama alikuwa hayupo tena, kwa hiyo nilimchukua. Nashona mapazia, nyumba yangu ina chumba cha cherehani na vyumba viwili vya kulala, nikampa chenye dirisha kubwa. Alikuja na nguo zake na albamu. Jambo moja lilinishangaza: Jumapili zilikuja zikapita bila yeye kuiomba. Nikadhani ni ugonjwa. Siku moja nilipokuwa nafuta vumbi nikaifungua mwenyewe, na kurasa zikaachana kwa kunata, kama plasta inayobanduliwa. Zote zilikuwa kijani. Si zile za zamani tu. Zote, mpaka zile nilizokumbuka zilikuwa safi kabisa kaka alipoondoka.

Nilisimama pale na kitambaa cha vumbi mkononi.

Nilizipeleka kwa mnunuzi wa sarafu, mzee wa kibanda chembamba nyuma ya maduka ya vitambaa, aliyeitwa Miwani kwa sababu alivaa miwani moja machoni na nyingine kwenye paji la uso. Nilianza kumweleza. Hakuifungua albamu. Aliinusa tu, akanirudishia.

"Hii plastiki laini inatoa jasho," alisema. "Jasho lake ndilo linakula shaba."

Akaendelea kunieleza kwa upole kwamba ameona nyingi za namna hii. Waliozisahau kwenye karatasi wanazo nzima mpaka leo. Walioziua ni wale waliozipenda wakazinunulia albamu. Sikumsikiliza vizuri. Nilirudi nyumbani kwa miguu, na mpaka leo siwezi kukwambia nilipita barabara ipi.

Baba alikuwa kwenye kiti chake dirishani. Nilimwekea albamu mapajani nikamwambia neno kwa neno alichosema Miwani. Nilitegemea alie, au abishe. Nusu ya uso wake ilikuwa haisogei kwa ugonjwa, na ile nusu nzima nayo haikusogea.

"Najua," alisema.

Nilimuuliza tangu lini. Alinieleza polepole, maneno yakimtoka upande mmoja. Mwaka ule ule kaka alioondoka, Jumapili moja alikuta nyingine imechafuka, kisha nyingine. Mtoto hayupo, mikono yake haipo, na kijani kinaendelea. Hakujua kinatoka wapi, lakini alijua hakitoki kwa mtu. Akafunga albamu, hakuifungua tena; kila Jumapili alijifungia nayo tu chumbani ili tusijue.

"Mbona hukumwita arudi?"

Alifikiria. Alifikiria kweli, kama alivyokuwa akifikiria kwa ajili ya wateja wake.

"Alikuwa amekiri," alisema.

Nilimpiga baba yangu. Nilinyakua albamu mapajani mwake nikamchapa nayo usoni, kona ya jalada ikampasua nyusi, kijifuko kikachanika na sarafu zikamwagika sakafuni. Nikampiga tena kwa kiganja kitupu, upande ule mzima ili ahisi. Hakuinua mkono wake uliokuwa bado na nguvu. Damu ilimwingia jichoni, naye alikuwa anatazama chini, kwenye sakafu.

"Zishike ukingoni," alisema.

Ndipo nikampiga mara ya tatu, na kiti kikaenda na yeye mpaka ukutani. Nilikuwa nimeinua mkono kwa ajili ya nyingine nilipousikia moyo wangu unavyodunda kwa raha. Raha, hakuna neno jingine. Nikaushusha. Nilimwinua, nikamwosha, nikambandika plasta, na usiku nilimlisha uji kwa kijiko.

Kesho yake nilinunua asetoni safi kwenye duka la kemikali, si ile ya kuondolea rangi ya kucha. Nikafungua madirisha, nikaziloweka sarafu kwenye bakuli la glasi, nikazigeuza kwa kibano cha ubao, nikazikausha kwa kuzigusisha tu kwenye kitambaa bila kusugua. Kijani kiliyeyuka chote. Chini yake palikuwa na vishimo, uso umeliwa, na vishimo havina dawa. Nikazifunga moja moja kwenye bahasha za karatasi. Sijui kwa nini nilijisumbua. Labda kwa kuwa nazo hazikuwa na kosa.

Kisha nikampigia kaka. Nilimwambia nina jambo lisilosemeka kwa simu, akakata, na siku mbili baadaye alikuwa mlangoni na mvi zake na harufu ya rangi ya magari. Aliuliza mzee yuko wapi, nikamwonyesha mlango uliofungwa, akachagua kukaa chumba cha cherehani. Alishika kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia ulikuwa pajani, vidole vimepinda kila kimoja na njia yake, na kiganja bado kinang'aa kwa jasho.

Nilimweleza yote: plastiki, Miwani, na kwamba baba alijua tangu mwaka ule ule. Nilimwambia pia nilivyompiga. Hapo tu ndipo aliponitazama.

"Usimpige tena," alisema. "Utazoea."

Nikamwomba radhi. Nilimwambia kwamba miaka yote hii niliamini ni yeye, kwamba wakati mwingine nilimchukia. Alitikisa kichwa kana kwamba hilo ni dogo. Nilimwambia nimeelewa sasa kwamba alikiri ili kumwokoa mama. Akaweka kikombe chini.

"Mama, ndiyo," alisema. "Lakini mama nilijua si yeye. Nilidhani ni wewe."

Sikuelewa. Akanieleza huku akitazama mapazia, si mimi. Kabla ya lile doa la kwanza alinikuta mchana mmoja nashuka kwenye kiti kando ya kabati, najifuta vidole kwenye gauni, na nilipomwona nikashtuka nikakimbia. Alinyamaza; hata kufuli lilipowekwa, alidhani ni chumvi ya vidole vile inayojitokeza polepole. Kila mkanda uliposhuka alijua anaweza kuumaliza kwa kutaja jina langu. Siku ile ya koo aliona baba akitoka kwa mama atafika chini ya meza. Basi akasema alichosema, akaondoka, na huko alikokuwa hakuwahi kunitumia hata salamu ya kunisuta.

"Ulikuwa mdogo," alisema. "Nilijua hukukusudia."

Nililikumbuka gauni lile, nikakikumbuka na kiti.

"Sukari," nilisema. "Mama alikuwa anaficha sukari juu ya kabati."

Kaka aliyaacha mapazia, akanigeukia. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ya mvulana, kama angalau ilikuwa tamu, nami nikamwambia ilikuwa tamu.